Freni zetu zilikuwa sawa

Hii habari nimekaa nayo miaka mingi bila kuiandika, na leo naiandika juu kuna kitu kinanisumbua kila nikisikia sisi watu wa Goma, huku mashariki mwa Kongo, tunahukumu mtu, awe motari wa kubeba abiria kwa pikipiki, awe kapiteni wa boti, awe mkubwa wa serikali. Tunaangalia tu gurudumu limeishia wapi. Likipita juu ya mtu, dereva ni muuaji, na likipita pembeni tunacheka, tunalipa nauli, tunaenda nyumbani kula.

Mwaka 2017 nilikuwa motari. Moto, yaani pikipiki, haikuwa yangu, ilikuwa ya papa mmoja wa Himbi, na kila jioni lazima nimpelekee verseman, ile pesa yake ya kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, uwe umepata abiria ao ulishinda parkingi unapiga stori. Parkingi yetu ilikuwa Majengo. Tulikuwa kama kumi na tano hivi, na niliyezoeana naye zaidi ni mmoja tuliyekuwa tunamwita Mukubwa, maana ndiye alikuwa anatuamua tukigombania abiria, na pesa ya likelemba, ile tunayochangiana kwa zamu, yeye ndiye alikuwa anaitunza, miaka yote sijasikia mtu analalamika eti imepungua hata franka mia.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, vumbi limeshaanza, tulipita wote wawili kwa fundi wetu. Alifungua gurudumu la nyuma la moto ya Mukubwa, halafu la kwangu. Akapuliza lile vumbi jeusi, akatoa garnitire ya freni, ile inayobana gurudumu lisimame, akaikwaruza kwa ukucha, ilikuwa imebaki nyembamba kama ganda la yai, fasi zingine chuma kimeanza kuonekana. Akatoa na yangu, akaziweka pamoja juu ya gunia. Hata leo nikifunga macho naziona pale juu ya gunia, huwezi kusema ipi ni ya nani.

"Muangalie," akasema, "hizi ni mapacha. Mutabadilisha sasa ao mutafanya aje?"

Dola tano na pesa ya mkono wake. Mukubwa alisema, "Acha nizunguke kidogo, nitarudi mangaribi." Mimi nikasema kesho. Naomba ukumbuke hilo, juu kama tungekuwa tunahukumiwa saa ile ile, pale kwa fundi, bila mtu kujua siku itaendaje, mimi ndiye ningepewa adhabu kubwa. Yeye aliahidi jioni, mimi niliahidi kesho, na moyoni nilijua kesho nitasema kesho kutwa. Na pesa nilikuwa nayo, isidhaniwe nilikuwa sina, ilikuwa mfukoni, ila nilikuwa naihesabia verseman.

Kama saa nne nilitoka Kibati na abiria, baba mmoja amebeba jogoo kwenye mfuko wa plastiki. Wanaojua ile barabara ya Rutshuru wanajua inavyoteremka kuja mjini, moto inaenda yenyewe hata bila gazi. Tulipofika Majengo, pale watu wanavuka vuka, mama mmoja akaingia barabarani na beseni ya nyanya kichwani, mtoto mgongoni, haangalii upande wangu. Nikakanyaga freni. Mguu ulizama mpaka chini na hakuna kilichoshika. Upande wa kushoto kulikuwa na chukudu, lile baiskeli la mbao la mizigo, imejaa makaa, kulia ndo yule mama, na katikati yao nafasi, sijui niseme ilikuwa na upana gani, upana wa usukani na vidole viwili. Nikapita. Kioo cha pembeni kiligusa beseni, nyanya zikaanguka, moja ikapasukia kwenye goti langu. Nilisikia yule mama analia nyuma, "Mujinga weee! Unataka kuniua na mutoto!" Yule baba wa jogoo akacheka, na mimi nikacheka. Nilifuta goti kwa kitambaa cha kufutia tangi, nikamfikisha Birere, akanilipa.

Hiyo ndiyo habari yangu yote ya siku ile. Hakuna aliyeandika popote.

Saa sita na nusu hivi Mukubwa alikuwa kwenye barabara ya Sake, pale Ndosho, watoto wanatoka masomo. Mtoto wa miaka saba, shati jeupe na kaptula ya bluu, aliteleza mkono wa dada yake akakimbia kufuata kofia yake iliyopeperuka. Mukubwa alikanyaga freni kama nilivyokanyaga mimi, na ilijibu kama ilivyonijibu mimi. Mtoto alifia njiani wakimpeleka hospitali.

Watu walijaa kwa dakika chache, wengine wakawa wanatafuta esansi wachome ile pikipiki na mwenyewe juu yake. Kuna mama mmoja mzee mwenye kibanda cha unga, alimvuta ndani akafunga mlango akasimama mbele yake, ndiyo maana Mukubwa yuko hai. Polisi walimtoa pale wakampeleka kasho, mahabusu yao.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kimenifanya niandike. Habari ilipofika parkingi, tulikaa pale wote, midomo mizito, na mmoja akauliza ilikuwaje, mtu anayejua barabara kama yule. Na mimi, mimi mwenyewe na suruali yangu bado ina doa la nyanya kwenye goti, nikasema: "Alijua freni imeisha. Fundi alimwambia asubuhi, nilikuwepo. Mimi singeweza kubeba mutu na freni kama ile." Wote wakatikisa kichwa. Mmoja akasema kweli, watu kama hao ndio wanatuchafulia kazi. Nilijisikia vizuri kwa dakika ile. Nilijisikia mtu wa busara.

Jioni nilienda kwa fundi nikabadilisha freni. Fundi alifanya kazi bila kuniangalia usoni na bila kusema neno, na nilipompa pesa aliipokea akaigeuza geuza, halafu akasema tu, "Angalau wewe umerudi."

Mukubwa alikaa kasho, akapelekwa parke kwa mwendesha mashtaka, akafunguliwa kesi. Parkingi tulichanga pesa ya avoka, yaani wakili, na huyo avoka ndiye alituelezea sheria inasemaje, na maneno yake sikuyasahau. Kodi penale, sheria ya makosa ya jinai ya Kongo, kifungu cha 52, inasema mwenye kosa ni yule aliyesababisha mabaya kwa kukosa uangalifu, bila nia ya kumdhuru mtu. Halafu kifungu cha 53: mtu akifa, kifungo cha miezi mitatu mpaka miaka miwili, na amande, yaani faini. Kifungu cha 54: mtu akiumia tu bila kufa, siku nane mpaka mwaka mmoja. Nilikuwa nasikiliza nikiwa nimesimama nyuma ya wenzangu, na nikajiuliza kimoyomoyo, na kama ni nyanya zimeanguka? Uzembe ni ule ule. Garnitire zililala juu ya gunia moja. Yeye alipewa miezi kumi na fidia ya familia. Mimi nilipewa nauli.

Nilimtembelea gerezani mara nyingi. Mara ya kwanza nilimpelekea fufu na sombe kwenye bakuli la mfuniko, tukakaa kwenye ukuta, akala kidogo. Halafu akaniuliza, wala hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya viazi:

"Na wewe yako ulibadilisha siku gani?"

Nikasema, "Siku ile ile. Mangaribi."

Akatikisa kichwa, akaendelea kula. Alijua hesabu yote. Kama nilibadilisha jioni, basi mchana nilikuwa naendesha na ile ile. Hakuniuliza kingine, na mimi sikumwambia kuhusu yule mama wa nyanya, nikaondoka na bakuli tupu.

Baadaye niliacha moto nikaanza masomo ya juu, nimechelewa kiumri kuliko wenzangu wote, na mwaka wa kwanza tulikuwa na kozi ya filozofia. Siku moja asistanti alituambia kwamba mwaka 1976 wanafilozofia wawili, Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel, walijadiliana kuhusu kitu walichokiita bahati katika maadili, yaani unahukumiwa kwa mambo ambayo mengine hayakuwa mikononi mwako. Akasema Nagel alitoa mfano wa dereva wa lori aliyegonga mtoto, na kama dereva huyo alizembea kidogo tu, tuseme hakukagua freni zake, basi atajilaumu kwa kifo kile, na wakati huo huo dereva mwingine mwenye uzembe ule ule ambaye hakukutana na mtoto barabarani atajilaumu kwa kitu kidogo sana. Freni. Alisema freni! Niliweka bik yangu ya kuandikia chini, mikono ilikuwa inatetemeka, jirani yangu akaniuliza kama nina malaria. Mtu ambaye hajafika Goma, miaka zaidi ya arobaini kabla ya siku yetu, alikuwa ameandika habari yangu na ya Mukubwa.

Na Williams aliongeza kitu ambacho kwangu kina uzito zaidi. Kwamba hata dereva asiye na kosa lolote, akigonga mtoto, hatajisikia kama mtu aliyesimama pembeni akaona. Watu watamfariji, watamwambia si kosa lako, na wanafanya vizuri, lakini akifarijika haraka sana na sisi wenyewe tutaanza kumuangalia vibaya. Hilo nimeliona kwa macho. Mukubwa hakuwahi kusema "ni bahati mbaya tu." Wengine tulimwambia hivyo, mapasta walimwambia, yeye alikuwa ananyamaza.

Tangu hapo nimeanza kuona jambo hili kila fasi, hata fasi ambazo sikutaka kuliona.

Mwaka 2024 vita ilikuwa imefunga njia ya Sake na Minova tangu mwezi wa pili, chakula chote cha upande ule kikawa kinapita ziwani Kivu. Mwezi wa tisa nilienda Minova kwa ajili ya maharagwe ya bibi yangu anayeuza Virunga, na nikarudi na boti. Nilikaa juu ya gunia, miguu yangu iko kwenye mgongo wa mtu, ubao wa pembeni na maji vimeachana kama kiganja cha mkono. Jile ya kuogelea sikuiona hata moja. Kila mtu alikuwa anaona, tulikuwa tunaangaliana. Tulipofika Kituku, bandari ya Goma, mama mmoja alianza wimbo wa kushukuru, tukaitikia, na wakati wa kushuka nilimwambia kapiteni, "Aksante sana papa, uko mutu wa nguvu." Nilimsifu. Mimi, mwenye kujua yale yote niliyoyaeleza hapo juu.

Alhamisi tarehe 3 mwezi wa 10 asubuhi, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imekaribia Kituku kabisa, watu waliokuja kupokea ndugu zao wakaiona inazama. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza kwanza watu 78 wamekufa, na kwamba waliopanda walikuwa 278. Mji mzima ulilia, na mji mzima ukauliza nani aliijaza vile, nani aliiruhusu, wako wapi tuwakamate. Maswali ya haki kabisa. Lakini mimi nilikaa kwenye kilio cha jirani Katindo nikashindwa kufungua mdomo, juu boti yangu ya mwezi wa tisa ilikuwa imejaa vile vile, na kapiteni wake alipata wimbo. Wale wa Merdi wangefika, hata wao wangeimbiwa.

Na bahati inahukumu hata upande wa pili. Mnakumbuka volkano yetu Nyiragongo, Jumamosi tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, lava ilishuka usiku bila watu kutahadharishwa ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Wakubwa walilaumiwa kwa kutosema kitu, na walistahili maswali. Halafu tarehe 27 gavana wa kijeshi akaagiza kartie, yaani mitaa, kumi kati ya 18 za mji zihame, kwa kuogopa moto ulioko chini ya ardhi, na watu wakakimbilia Sake na kwingine, wakalala makanisani na nje, na lile pigo la pili halikuja. Basi nikasikia watu wale wale, kwenye kona ile ile, wanalaumu kwa nini tulihamishwa bure. Bure? Saa ile ya kuamua, na matetemeko tuliyoyasikia wote, nani alijua ni bure? Hata wale waliojenga Buhene tuliwaita wajinga, eti wamejenga njiani mwa volkano, na maduka ya katikati ya mji yenyewe yamesimama juu ya lava ya Januari 2002.

Kuna nyingine ninaisema haraka juu inauma. Baba yangu alinileta Goma nikiwa na miaka kumi. Mtoto wa baba yangu mdogo alibaki kijijini Masisi, na akiwa na miaka kumi na sita wenye bunduki walipita pale wakamchukua. Mambo aliyoyafanya huko siyatetei. Lakini watu wa familia wakikutana wananisifu mimi kwa tabia nzuri na yeye jina lake halitajwi, na ninajua vizuri kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniwekea bunduki mkononi aone mimi ni mtu wa aina gani.

Sasa mtu ataniuliza, unataka nini, watu wasihukumiwe? Hapana. Mukubwa mwenyewe hakuwahi kukataa kifungo chake. Mama aliyezika mtoto wa miaka saba hawezi kuambiwa habari za bahati, anahitaji mtu asimame mbele yake aseme ni mimi. Ninachotaka ni kwamba tuanze kuuliza mapema. Miaka sita ya moto nimesimamishwa barabarani mara zisizohesabika, wakauliza permi ya kuendesha, wakauliza asiransi ya bima, wakauliza plake ya namba, na sikumbuki hata mmoja aliyeniambia kanyaga freni nione. Sikumbuki abiria aliyeuliza. Na siku ile Majengo mtu pekee aliyeniambia ukweli ni yule mama wa nyanya, na mimi nikamcheka. Boti yangu ya mwezi wa tisa iliyofika salama ilikuwa na kesi ya kujibu, na sisi tuliokuwa ndani yake tukiimba tulikuwa mashahidi. Nimerudi parkingi ile nikaongea na vijana, sasa kila Jumatatu asubuhi kabla ya abiria wa kwanza wanakaguana freni wao kwa wao, wa kulia anakagua wa kushoto, na ambaye imeisha anakopeshwa kwenye likelemba dola tano pale pale. Wiki zingine wanasahau. Wengine wanakasirika wakikaguliwa.

Mukubwa alipotoka gerezani alienda nyumbani kwa wale wazazi na wazee wawili wa avenyu. Mara ya kwanza baba wa mtoto hakumfungulia. Akarudi. Na kila mwaka, mwezi wa sita, anaenda na mfuko wa unga na sabuni, anakaa kama nusu saa, anaondoka. Miaka ya karibuni ninamsindikiza, na mama wa mtoto alikuwa ananijua kama rafiki yake tu, yule anayebeba mfuko.

Safari ya mwisho, Mukubwa alikuwa ametoka nje kupokea simu, nikabaki na yule mama, anachagua maharagwe kwenye ungo. Sikupanga. Nikajikuta namwambia yote, garnitire mbili juu ya gunia, mimi kusema kesho, ile nafasi kati ya chukudu na mama wa nyanya, na maneno niliyoyasema parkingi siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake umesimama ndani ya ungo.

"Na wewe," akaniuliza, "ni nani alikuya kukuuliza?"

"Hakuna, mama."

Aliniangalia muda mrefu. Halafu akasogeza ungo katikati yetu, akanionyesha upande wangu, na tukaanza kuchagua pamoja mpaka Mukubwa aliporudi.